Njia ya Miguu Nyuma ya Vyoo

Nawaambia mwenyewe, kabla hamjayasikia sokoni.

Mgodi ulipoumeza mtaa wetu wa zamani hapa Kolwezi, tulihamishiwa mtaa mpya usio na njia za miguu. Mvua ikinyesha, akina mama huteleza kwenye matope na mabeseni kichwani. Mhandisi aliyekuja kutujengea njia akanipa simu yenye programu ya ramani. "Pita kila siku wanapopita watu," alisema. "Simu itachora mstari, na sisi tutajenga hapo hapo."

Kazi ilikuwa rahisi. Lakini mimi nina haya, na kwetu huwezi kupita mbele ya mlango wa mtu mzima bila kusimama, kumwamkia na kuulizwa habari za nyumba nzima. Kwa hiyo nilizunguka nyuma, kwenye vyoo, ambako hakuna wa kuniuliza kitu. Nilitembea wiki mbili kwa raha yangu. Nilidhani ramani ingejua yenyewe barabara iko wapi.

Siku ya mkutano wa mtaa mhandisi alituonyesha ramani ukutani. Mstari mwekundu ulipita nyuma ya kila choo cha mtaa.

Mama Ngalula, muuza maandazi, akasimama, akamgeukia mhandisi. "Tata, batu bote bale benye kupita nyuma ya choo yangu, ni banani?"

"Mama, si watu wengi; simu ilikuwa moja tu," mhandisi akamjibu.

Watu wote wakanigeukia.

"Kumbe ni weye!" Mama Ngalula alicheka hadi akakaa. "Mi nilizania ni mwizi! Kesho anza tena, kwa mulango yangu. Na utanisalimia!"