Chumvi ya Shimo

Mwaka ule wa vita, huko Murusagamba, fundi alimchimbia Ng'washi shimo la gesi nyuma ya zizi, akamwagiza alilishe mavi ya ng'ombe na maji. Shimo likawa linacheua polepole, na jikoni moto wa buluu ukipumua kama ndama usingizini.

Asubuhi moja moto ukafa. Fundi akauliza, "Umelitia nini, mama?"

"Chumvi. Kopo zima kila siku. Kila kinachocheua hulamba chumvi!"

"Basi chumvi ndiyo imeliua."

Ng'washi akafyonya. Kwao Usukuma ng'ombe hulambishwa chumvi ili popote aendapo akumbuke zizi. Kisha akaitazama barabara aliyopita Kazimili, mumewe, kwenda vitani Uganda.

"Nimelilambisha shimo," akanong'ona, "nikamsahau mwenye nyumba."