Spika Dume ya Malaba, Spika Jike ya Busia

Sababu ya safari hii ni ujumbe ulioletwa na dereva wa lori. Alisimama mlangoni pa karakana yangu pale Nakuru, ambamo mimi hutengeneza redio upande mmoja na mke wangu Rehema hushona nguo upande wa pili, akasema: "Fundi, boss Ekirapa wa Malaba anasema dume yake inakohoa. Kuja na amplifaya yenye inaweza."

Nilidhani anasema ng'ombe. Kumbe ni spika, tena si spika za mchezo. Ekirapa na mdogo wake Omuse walizinunua mbili kwa tajiri mmoja aliyekuwa akihama kutoka upande wa Uganda, wakauza ng'ombe wengi mpaka majirani wakafikiri ni mahari. Kisha wakagawana, kila mtu yake, na tangu hapo hawasemezani. Sasa mama yao alikuwa ameugua akapona, na Jumapili alitaka kufanya sherehe ya shukrani. Hakuna aliyejua kama wanawe wataketi mahali pamoja.

Spika za bei hiyo fundi kama mimi huziona kwenye picha tu. Ningekatazwa, ningetoroka. Siku ya pili Rehema akiwa sokoni, nilitoa amplifaya yangu ya valvu, nzito kama gunia la mahindi, nikafunga karakana upesi, nikatia ufunguo wake wa pekee mfukoni na kukimbilia gari moshi.

Timboroa, usiku, baridi ilinipiga hadi nikaikumbatia amplifaya. Valvu zake zikiwaka hutoa joto la jiko, lakini ndani ya behewa la daraja la tatu ningeichomeka wapi? Nikavumilia mpaka Eldoret, ambako mama mmoja aliniuzia chai na kuniuliza kama hilo sanduku ni la maiti ya mtoto. Nikamwambia ni muziki. Akasema basi pole.

Malaba, asubuhi, malori yalikuwa yamepanga foleni na matanboi, wasaidizi wa madereva, wanapika uji kati ya magurudumu. Ekirapa, wakala wa kutoa mizigo forodhani, alinipeleka nyumbani kwake nyuma ya ofisi. Spika ilikuwa imesimama sebuleni, ya mbao inayong'aa, inanifika kifuani. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Niliipenda papo hapo, sina haja ya kuficha.

Aliiunganisha na kiamplifaya alichong'oa kwenye gari lake la pikapu, akaweka sahani ya santuri. Ngoma ikapiga, mwanamume akaimba: "Nani kafunga mlango?" Halafu kimya, ngoma tu. Akauliza tena. Kimya. Ekirapa alipoongeza sauti, spika ikakohoa kweli.

"Mbona unaiita dume?" nikamuuliza.

"Dereva mmoja wa Mombasa alisoma hizo herufi za nyuma. Akasema hii ni ya kuume, ile ingine ni ya kike. Mimi ndio mkubwa, nikachukua dume. Ndugu yangu akakasirika eti nimempatia mwanamke."

Mimi nimelelewa Mombasa, ikabidi nikae chini nicheke vizuri. Nikamweleza kwamba kwetu mkono wa kuume ni wa kulia na mkono wa kike ni wa kushoto. Yule dereva alikuwa anamwonyesha pa kuziweka tu. Hizo ni pacha.

"Wacha mchezo, fundi. Si umesikia mwenyewe? Ndani kuna mwanaume peke yake."

Kusikia nilikuwa nimesikia. Sahani zile sauti nusu hutokea kulia, nusu kushoto, naye alichomeka waya wa kulia tu. Nikaanza na kikohozi. "Unajua mtungi wa pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake? Amplifaya ndiyo mtungi. Spika yako ina mrija mnene, na wewe umeiwekea kimtungi. Ikivuta mara mbili inafika kwenye machicha."

Nikaiunganisha na yangu, kikohozi kikaisha. Yule mwanamume akauliza habari za mlango kwa sauti nzuri mpaka nikataka kumjibu. "Lakini hii ni nusu," nikamwambia. "Nyingine lazima ije."

"Kwa huyo mtu siendi." Akapanga upya maua yake ya plastiki, ingawa yalikuwa sawa. "Toto amesema kama hatutakaa pamoja, hapiki." Kwa Kiteso toto ni mama. Jitu zima linasema hivyo na sauti inashuka, nilimhurumia.

Busia nilifika Ijumaa kwa lori la saruji kupitia Alupe, mweupe kama mwokaji mikate. Baa ya Omuse iko mtaa wa Burumba, na niliisikia kabla ya kuiona. Jike alikuwa amefungwa kwenye amplifaya ya bendi, ile ya kupigia uwanjani, kwa waya wa kushoto tu na sahani kama ile ya Ekirapa, na alikuwa akipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa: "Ni wewe mwenyewe! Ni wewe mwenyewe!" Wateja walikuwa wamehamia nje na chupa zao.

"Wananicheka, fundi," Omuse akalalamika. "Kila saa inasema ni mimi. Mimi nimefanya nini?"

Nikamwambia mtungi wake ni mkubwa lakini pombe yake ni ya kuumiza kichwa. Hakucheka. Aliuliza polepole, "Kaka alisema nini juu yangu?"

"Alisema dume yake inaumwa," nikajibu. "Na hawa wagonjwa wawili hutibiwa pamoja, nyumbani kwa mama, Jumapili. Wewe njoo na jenereta, huko hakuna stima." Kaka yake nilikuwa nimemwambia vivyo hivyo, aje na pikapu ikiwa imebeba dume, amplifaya yangu na mashine ya santuri.

Adungosi, kijijini kwao, Jumapili baada ya ibada, mama yao aliketi kwenye kiti katikati ya ukumbi. Dume nikaliweka kulia kwake, jike kushoto, jenereta nyuma ya ghala ili kelele zake zisitushinde. Nikampa kila ndugu waya wake achomeke mwenyewe. Walichuchumaa nyuma ya amplifaya moja, vichwa karibu vigongane.

"Sogea," akasema Ekirapa.

"Sogea wewe," akasema Omuse.

Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza tangu mgawo. Nikashusha sindano.

"Nani kafunga mlango?" dume likauliza.

"Ni wewe mwenyewe," jike akajibu, taratibu, bila kelele hata kidogo.

Akina mama waliokuwa wameuzunguka mtungi wa pombe ndio walioanza kucheka. Ekirapa alisimama ameshika kichwa. "Kumbe kuna mtu wa kujibu."

"Kaka, mimi nilikuwa najibu tu," Omuse akasema. "Sikujua mwenye anauliza."

"Rudisha hapo," mama akaniamuru. Nikarudisha. Akaniamuru tena, nikarudisha tena, na wanawe wakacheka mpaka wakafuta machozi, mmoja kwa shati la mwenzake. Kisha akainuka. "Hizi vitu haziondoki hapa. Mwenye anataka mziki akuje kwangu." Akaenda jikoni kupakua.

Amplifaya yangu nayo ikabaki. Nilirudi na mbuzi waliyenipa ndugu wale, na njia nzima hadi Nakuru tulibishana juu ya nafasi ya kukaa. Katikati ya ubishi huo nilijiambia nimejifunza jambo la kazi: kabla ya kulaumu amplifaya, uliza spika ya pili iko wapi.

Nakuru, mchana, nilimkuta Rehema amekaa nje ya karakana juu ya kigoda, vitambaa vya wateja mapajani, sindano ya mkono vidoleni. Cherehani ilikuwa ndani. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Gauni la bi harusi nimelishona kwa mkono," akasema. "Nani kafunga mlango?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikampa ufunguo.

"Ni mimi mwenyewe," nikasema.