Dakika Kumi za Komeo

Miaka kumi na tisa nafundisha haki za watuhumiwa kwenye chuo cha polisi, na kila mwaka hakosekani mmoja wa kunipandisha presha. Mwaka huu alikuwa Komeo. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu jibu lake lilikuwa moja tu: "Usalama wa nchi kwanza, Mwalimu. Funga, maswali baadaye."

"Haya baba," nikamwambia siku hiyo, "ingia stoo ya vitabu. Dakika kumi. Sababu sikwambii, ni siri ya usalama."

Darasa likaangua kicheko. Nikamfungia. Ilikuwa saa nne na nusu, na saa tano Komeo alikuwa na mtihani wa mdomo, wa kurudia, wa mwisho. Akiukosa, anafungasha virago anarudi kwao. Nilijua yote hayo, ila dakika kumi ni kitu gani?

Mara akaanza kuupiga mlango mateke. "Nina haki ya kuambiwa kosa langu!"

"Alaa! Leo unazijua haki?" Nilisikia raha, sifichi. "Mwenye fujo hatoki. Ukitulia nitafungua."

Akatulia, kimya kabisa. Kimya chenyewe nacho kikanitia wasiwasi. Huyu mjanja anapanga nini? Nikisema nifungue, si atanirukia? Nikaona tusubiri kidogo, nikaendelea na somo.

Binti wa dawati la mbele, ambaye muhula mzima hajawahi kufungua kinywa, akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Akipiga kelele ni hatari, akinyamaza ni hatari. Sasa atoke akiwa vipi?"

 Nikatazama saa: saa tano na dakika nane. Mungu wangu!

Nilipofungua, Komeo alikuwa amejilaza juu ya maboksi ya karatasi, anakoroma. Tukatimua mbio, mimi viatu mkononi.

Msimamizi wa mtihani, bwana asiyejua utani, akanisukumia fomu. "Atafanya, ila uandike kwanza kwa nini alizuiwa."

Swali hilo hilo nimelisahihisha mara elfu, kwa kalamu nyekundu, bila huruma. Nikabaki nimeikodolea macho ile karatasi, aibu imenijaa mpaka masikioni. Mwishowe nikaandika: "Hakuwa na kosa. Nilimzuia kwa sababu niliweza."

Komeo alikuwa anachungulia begani kwangu, anasoma. "Mwalimu, jibu hilo ungelipatia maksi ngapi?"

"Sifuri, mwanangu. Ingia ndani."