Bahari Niliyoichora Kabla ya Kuiona

Jamani, mcheke taratibu, maana aibu hii nimeikalia miaka mingi, na nikiikumbuka bado natamani ardhi ipasuke niingie.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Tabora, na nilikuwa nampenda Agnesi, binti wa Mzee Kapama wa Itetemia. Mzee huyu ujanani alibeba pembe za ndovu begani mpaka pwani kwa miguu, na kwa wazee wetu wa Kinyamwezi mwanaume ambaye hajafika pwani alikuwa bado mtoto, mke hapewi. Basi aliponiuliza, "Wewe, pwani umefika?" nikajibu, "Nimefika, baba." Nilikuwa nimefika Kigwa tu, hapo jirani na Tabora.

Ningeishia hapo ningepona. Lakini Sista Klara wa misheni alikuwa anatufundisha vijana wachache kuchora kwa rangi za mafuta, na somo lilikuwa bahari iliyotulia, nikaona hii ndiyo nafasi, nitaichora itundikwe ukumbini sikukuu ya parokia, mzee aione aridhike. Sista alisema tuchore vitu vitatu tu: mbingu, mstari, maji, brashi uilaze, usichokoechokoe. Nikafanya hivyo, na maji yakatulia kweli. Ila nilipoitazama ile turubai sikuelewa, maji yote yale, mbona hakuna anayeyatumia? Nikaogopa kuonekana mvivu, nikaongeza ng'ombe watatu ufukweni wanakunywa, nikanogewa, nikaongeza na mama anateka maji kwa mtungi.

Siku yenyewe ukumbi umefurika, watu wanasogelea picha yangu wanacheka, na mimi nacheka nao (nilidhani wamefurahi), halafu nikaanza kuingiwa na wasiwasi, labda nimekosea pembe, nikazihesabu, ziko sita, sasa shida nini? Nikamtazama Sista, Sista kajiziba mdomo kwa leso.

Mzee Kapama akasogea mpaka pua inakaribia kugusa rangi mbichi.

"Hii ndiyo bahari uliyoiona?"

"Ndiyo, baba."

"Na hawa ng'ombe wanakunywa?"

"Wana kiu, baba."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee hakucheka. "Maji yale niliyatia mdomoni siku niliyofika, nikatapika mbele ya wapagazi wote. Ni chumvi tupu!" Nami, kwa kuchanganyikiwa (sijui nani alinituma), nikambishia kwamba hapana baba, chumvi inatoka Uvinza, inakuja kwa magunia, mimi mwenyewe ndiye ninayeipokea stesheni.

Agnesi alikuwa amesimama karibu na mlango. Akanitazama kama mtu asiyenijua, akatoka nje, na hilo liliniuma kuliko vicheko vyote.

Nilipopata likizo nikapanda treni mpaka Dar es Salaam, nikashuka ufukweni na viatu vyangu, nikayaonja yale maji, nikayatema. Nikarudi mbio Itetemia kumwambia mzee kwamba sasa nimefika kweli, nikakuta Agnesi ameshaposwa na mkulima wa tumbaku wa Urambo. Nikauliza kwa hasira, huyo naye pwani alifika lini?

"Hajafika," mzee akasema. "Nilimuuliza, akaniambia hajafika."

Nikaaga. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza nimefika wapi, namtajia stesheni niliyoshukia, basi, hata kama ni ya karibu kiasi cha kutia aibu.