Ndizi za Krismasi za Prudensia

Prudensia wa Kamachumu alifika Arlington, Marekani, mwaka 2004, na tangu hapo kazi yake ni kulea wazee majumbani mwao. Kwa bibi mmoja wa Mansfield, mji wa jirani, alijifunza kupika kunde na miguu ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na kuhifadhi mafuta ya bekoni kwenye chupa ya jamu. Siku za kawaida anakaangia kabichi, mayai, hata ndizi mbichi kwa mafuta hayo. Mimi jirani yake nilimcheka mwanzoni. Nikaacha nilipoonja.

Yeye ndiye hupika ndizi za Krismasi za jumuiya yao ya Watanzania Wakatoliki. Mwaka 2017 zilichelewa, watu wakala saa kumi jioni, watoto wamekwisha lia. Kwa hiyo Desemba 2018 Gelasius, mwenyekiti, akasema chakula chote kitaagizwa mgahawani.

"Mwenyekiti, niachie sufuria moja," Prudensia akasema.

"Na ikiharibika, Mama Kalisti?"

"Ikiharibika nitakaa nile cha kununua kama wewe."

"Haya. Lakini mwakani nisisikie neno lako tena."

Wiki hiyo mtoto wa yule bibi wa Mansfield akampa Prudensia zawadi ya paja zima la nguruwe, lile Wamarekani wanaloliita ham. Si lile laini la dukani lililokwisha kuiva. Hili lilikuwa la kienyeji, limelazwa kwenye chumvi na kuning'inizwa miezi mingi. Tulipolitoa kwenye mfuko wake wa kitambaa lilikuwa na ukungu wa kijani. Mkwewe Yasinta akaziba pua.

"Mama, hii ime-expire. Tuitupe."

"Nyie watoto wa friji! Kwetu nyama ilikaa juu ya meko mpaka ikawa nyeusi kama sufuria, na tukaila."

Akausugua ukungu kwa brashi, akakata vipande. Hapo alikuwa sahihi. Ila nyama ya juu ya meko ni ya moshi mtupu, na hii ilitakiwa kulowekwa siku mbili, maji yakibadilishwa. Yeye aliibandika jikoni tarehe 24 vilevile ilivyo, akatia na chumvi juu, kwa kiganja, kama alivyozoea miaka arobaini. Wala hakuonja, maana mkesha wa Krismasi Prudensia hagusi nyama mpaka atoke misani. Yasinta alipopeleka kijiko, alichapwa mkono kwa mwiko.

"Nyumba hii haionji kabla ya misa!"

Asubuhi akapikia ndizi kwenye mchuzi huo, tukaibeba sufuria mpaka ukumbini. Baada ya misa akaingia jikoni, akaonja. Akaweka kijiko chini, akaniita.

"Dada, onja."

Nilionja. Ulimi ulikauka.

Ilikuwa saa saba mchana na watu themanini wamekaa. Angeweza kusema jiko limeharibika. Yeye alitoka na aproni yake mpaka mbele ya Gelasius.

"Mwenyekiti, nimeharibu. Chumvi. Nipe saa moja."

"Mwaka jana pia ulisema saa moja."

"Mwaka jana nilidanganya."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Kulikuwa na boksi moja la ndizi limebaki. Wanawake sita tukamenya. Tukamwaga mchuzi wote, nyama tukaichemsha mara mbili kwa maji mapya, tukaichambua nyembamba. Ndizi mpya tukazipika na vitunguu na nyanya chungu bila chembe ya chumvi, kisha nyama tukairudisha kidogo kidogo. Sufuria ilitoka saa nane na dakika kumi.

Gelasius alikula sahani mbili. Kisha akafuta mdomo.

"Mwakani wali na kuku tutaagiza. Ndizi ni zako, Mama Kalisti, ila lazima mtu aonje mapema."

"Aonje nani kabla ya misa? Hapa wote Wakatoliki."

Halafu akanigeukia mimi. Mimi ni Mlutheri wa Machame, mkesha sifungi.

Krismasi ya 2019 aliniletea kijiko mlangoni saa mbili asubuhi. Nyama ilikuwa imelowekwa siku mbili na nusu. Nikamwambia haina chumvi. Akanuna, akarudi kwake kuongeza.