Uwanja wa Kanisa Juu ya Meza Yetu

Hadi leo nikifungua boksi jipya la viatu, harufu ya karatasi ngumu hunirudisha mji wa Buffalo, ughaibuni, majira ya baridi ambayo hatukulia chakula mezani. Tulikula kwenye kochi, sahani mapajani, kwa sababu meza ilikuwa imetwaliwa na kanisa.

Mama alikuwa akimhudumia kizee mmoja wa Kizungu, Bibi Ilse, nyumbani kwake. Bibi huyo alizaliwa Ulaya, kando ya uwanja wa kanisa kuu lililojengwa karne za kati. Siku moja alimpa Mama boksi la vipande vidogo ambavyo ukivipanga vinatoa picha ya kanisa hilo na uwanja wake. Mikono yake mwenyewe ilitetemeka mno. Mama akamwahidi kumpangia yote na kuibandika ubaoni, ili aone kwao kabla macho hayajazimika kabisa.

Jioni tulipanga mimi na Mama, naye akinisimulia alivyosimuliwa na Bibi. Kwamba waashi walioweka msingi walikufa, na walioezeka paa ni vitukuu vyao. Kwamba mnara wa kushoto ulipigwa na radi ukajengwa upya, ndiyo maana mawe yake ni meupe zaidi. Kwamba wale wanyama wa mawe huko juu hutapika maji ya mvua. Nilicheka hadi nikapaliwa. Uwanjani palikuwa na soko la mboga, na kisima ambapo Bibi Ilse, akiwa mtoto, alichapwa kofi kwa kumwogesha paka. Mama aliupenda uwanja kuliko kanisa. Alisema unafanana na soko la kwao Uvira, ukiondoa matope.

Ilikuwa imebaki anga na ncha ya mnara simu ilipokuja kutoka Uvira: babu yangu, baba yake Mama, amefariki. Makaratasi yetu hayakuturuhusu bado kusafiri. Tukaweka matanga papo hapo Buffalo.

Mnaojua matanga yetu mnajua yaliyofuata. Vyombo hutolewa sebuleni, magodoro hutandikwa chini, na mfiwa hukaa tu. Hapiki wala hatumi mtu. Wamama wa kanisa la watu wa kwetu walitoka mbali, mji wa Louisville, wakawapitia wenzao wa Columbus njiani, wakafika na masufuria yao. Aliyewaongoza, Mama Furaha, mtu wa huruma nyingi na haraka nyingi, aliitazama meza.

“Bon, mutoshe iyi meza. Batu batakala wapi?”

Alitaka meza itolewe, watu wapate pa kukaa. Akidhani ni mchezo wangu, akalisukumia kanisa lote ndani ya mfuko. Mama, pale kwenye godoro, alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaangua kilio ambacho hakuwa amelia tangu simu ije. Wamama wakashukuru kwamba hatimaye machozi yametoka.

Wageni walipoondoka tulianza upya, mbio mbio. Mama alirudi kazini na pembe moja tu ya uwanja, penye kisima, imebandikwa kwenye ubao mdogo. Alirudi nayo nyumbani kabla ya saa sita mchana, akaiweka juu ya friji, akaingia chumbani bila kuvua koti.

Nilikuja kumuuliza sababu nikiwa mtu mzima, tumeshahamia mji wa Reynoldsburg. Bibi Ilse alifariki Mama akiwa bado kwenye godoro la matanga.

“Ule mama alikuwa anangojea tu kuona kwabo,” Mama alisema. “Baba yangu sikumuzika. Nilisema, bon, huyu angalau nitamutendea.”

Inaniuma mpaka sasa. Babu alililiwa na nyumba nzima, watu wakikesha kwenye barabara za barafu ili wafike. Lakini nani angefunga safari toka Louisville kuja kumlilia Mzungu wa kazini? Mama alimlilia peke yake, mlango umefungwa, nami nilikuwa sebuleni nikitazama katuni, nimepunguza sauti kwa heshima ya babu.