Misumari katika Ukuta wa Ushuhuda

Ukuta ule ndio pekee uliobaki wa kanisa letu la zamani. Lava ya volkano iliposhuka mjini iliteketeza madhabahu na viti vyote, ikaacha upande mmoja umesimama, na sisi tuliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, tulikokimbilia, tukauita Ukuta wa Ushuhuda. Kanisa jipya lilijengwa kando yake. Kazi ya kuutunza ule wa zamani nilipewa mimi: kung'oa majani yanayoota kati ya mawe, kujaza chokaa palipobomoka, kuwazuia watu wasibebe mawe ya kujengea nyua zao. Ninamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Niliipenda, labda kupita kiasi.

Waasi waliposhuka kutoka Rutshuru, wakimbizi walijaza kanisa jipya hadi mbele ya madhabahu, na waliokosa nafasi wakabaki uwanjani. Komite ya parokia ikanituma kwao. Akina mama wanapigilia misumari kwenye ukuta ili wafunge maturubai, wanakomite wakaniambia, na chokaa inamwagika. "Wewe ni muzee, watakusikia."

Nilimkuta mama mmoja wa Masisi ananyonyesha mtoto aliyezaliwa njiani. Wenzake walikuwa karibu naye. Niliwaeleza kwa upole kwamba hii ni nyumba ya Mungu hata kama umebaki ukuta tu. Nikamalizia: "Chimbeni mashimo, musimike miti. Mutafunga maturubai kwenye miti."

Wakatazamana. Yule mama akaniuliza, "Papa, we ni mutu wa Bukavu?"

"Ndiyo, mama. Umejuaje?"

"Kwenu kuko udongo."

Wakacheka, nami nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya lava tupu, iliyoganda kuwa mwamba. Nyumbani kwangu Keshero, hapahapa mjini, shimo la kupandia mparachichi mmoja tu lilinitoa jasho la siku nyingi kwa mtaimbo, na hapa nilikuwa nawafundisha watu kuchimba.

"Na huu ukuta," mwenzake akaongeza, "haukuogopa moto, unaogopa musumari?"

Nikasema nitarudi kuongea na komite. Lakini yule mama aliwanyamazisha wenzake. "Muache. Muzee amesema ni nyumba ya Mungu." Alimpa jirani mtoto, akaokota jiwe, akaanza kuilegeza misumari na kuing'oa, akiniwekea kiganjani. "Shika, papa, isichome watoto."

Mvua ilikuja mchana uleule. Kutoka mlango wa sakristia niliwaona wamejipanga kando ya ukuta, mikono juu, kila mmoja ameshika ncha ya turubai, watoto wakiwa miguuni pao. Hakuna aliyegusa chokaa.

Nikawaendea na misumari mfukoni. Nikamwambia yule mama waipigilie tena, komite nitaijibu mimi.

"Hapana, papa," alisema, maji yakimtiririka usoni. "Ulisema vizuri."

Hakuwa akinikejeli. Heri angekuwa ananikejeli.

Ncha moja ilikuwa inapigwa na upepo, haina mtu. Nikaishika. Mikono yangu ilianza kushuka mapema, mmoja wa akina mama akaona, akacheka, akaniambia, "Sogea huku ndani, muzee, unalowa," akashika ncha yangu pamoja na yake. Basi nikasimama katikati na watoto, mkavu, hadi mvua ikakatika.

"Aksanti, papa," yule mama akaniambia, akikamua kitenge chake. "Mungu akubariki."

Nilishindwa kuitikia amina.